Mpira wa mkojo nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzee aliyezibwa na tezi dume akashindwa kabisa kukojoa huwekewa mpira hospitali, yaani mrija laini unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka kwenye kibofu. Mkojo unatoka, anapata nafuu, na mara nyingi anarudishwa nyumbani na mpira wake kusubiri upasuaji. Mama aliyeshonwa fistula, tundu linalovujisha mkojo ukeni, naye hukaa nao kwa siku kadhaa. Wote wawili wakifika nyumbani wanakutana na washauri wengi: jirani, shemeji, muuza duka la dawa. Mengi wanayoambiwa hayapunguzi maumivu hata kidogo, na mengine ndiyo yanayoyaleta.

“Nabanwa na mkojo huku mpira upo, basi umeziba.”

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na usiku wa kwanza ndio mbaya zaidi. Mpira hushikiliwa ndani na puto dogo lililojazwa maji safi, kwa mtu mzima kawaida mililita 10 hivi. Puto hilo linakaa chini kabisa ya kibofu, mahali penye hisia kali. Kibofu kinalichukulia kama kitu cha kutolewa, kwa hiyo kinajikaza. Mgonjwa anahisi kubanwa ghafla, maumivu chini ya kitovu, na kwa mwanamume maumivu hayo hushuka mpaka kwenye ncha ya uume. Mkojo kidogo unaweza kupenya pembeni ya mpira ukalowesha shuka.

Tazama mfuko wa kukusanyia mkojo uliounganishwa na mpira. Kama unaendelea kujaa, hakuna kilichoziba. Ni kibofu kinachojikaza. Kujikamua kama mtu anayekojoa kunazidisha. Avute pumzi taratibu, aegemee, awekewe chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa juu ya tumbo la chini. Kwa wengi hali hii hupungua baada ya siku chache. Isipopungua, daktari anaweza kuandika dawa ya kutuliza kibofu, kama oxybutynin. Dawa hiyo hukausha mdomo na kufunga choo, na mzee anaweza kuchanganyikiwa akiitumia, kwa hiyo si ya kuazimana. Na mkojo ukivuja pembeni, usidai uwekewe mpira mnene zaidi. Mnene unakera kibofu zaidi.

Kuziba kwenyewe kuna sura nyingine: mfuko haupati kitu kwa muda wa saa nne hivi, tumbo la chini linavimba na kuwa gumu, na mgonjwa hatulii. Kabla ya kuita gari, pitisha mkono kwenye mrija wote. Huenda ameulalia, umejikunja chini ya paja, au mfuko umewekwa kitandani sawa na kibofu badala ya chini yake. Ukinyoosha na bado hakuna kitu, nendeni hospitali usiku huo huo.

“Apunguze maji, mfuko usijae.”

Wazee wengi hufanya hivi kimyakimya, hasa wakiona mtoto wao ndiye anayemwaga mfuko. Ni aibu inayoeleweka, lakini inawagharimu. Mkojo mzito wa rangi ya chai unachoma kibofu na kuacha chembechembe zinazogandamana kwenye mpira mpaka unaziba kweli. Kama hana ugonjwa wa moyo au figo uliomfanya awekewe kipimo cha maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku zinafaa. Chai kali na kahawa ndizo za kupunguza, kwani hukera kibofu.

Hapa niongeze jambo ambalo ni nadra kutajwa mtu akiruhusiwa kwenda nyumbani: choo. Choo kigumu kinakandamiza kibofu na mpira kwa pamoja, na kinaweza kuleta kuvuja, maumivu, hata kuzuia mkojo. Papai, mboga za majani, maharage, maji na kutembea uani vinaweza kumsaidia mzee huyu kuliko kidonge cha pili cha maumivu. Tena kuhusu vidonge: paracetamol kwa kipimo chake sawa, ila diclofenac ya dukani isitumike bila kumuuliza daktari. Mtu aliyezibwa mkojo figo zake huenda tayari zimeumia.

“Mpira uache uning’inie, ndivyo mkojo unavyoshuka vizuri.”

Mfuko wa lita mbili ukijaa una uzito wa kilo mbili. Uzito huo ukivuta mpira, unaovutwa ni puto kwenye shingo ya kibofu, na kila hatua anayopiga mgonjwa ni mvuto mmoja. Kwa maoni yangu, plasta ya paja ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote katika habari hii, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Paja liwe kavu, nywele zikatwe kwa mkasi. Bandika plasta pana juu ya paja, laza mpira juu yake ukiwa umelegea kidogo ili mguu ukinyooshwa usivute, kisha bandika plasta ya pili juu. Ukibadilisha, hamia paja la pili ngozi ipumzike.

Mfuko umwagwe ukifika nusu au kupita kidogo. Usiguse sakafu, kama hakuna pa kuutundika, uweke kwenye ndoo safi yenye kazi hiyo tu. Msuli, kanga au dera vinafaa kuliko suruali. Na kutembea kunaruhusiwa, tena kunatakiwa. Mpira si sababu ya kulala kutwa.

“Mkojo una ukungu na unanuka, anahitaji antibayotiki.”

Mpira ukikaa kwa mwezi, karibu kila mtu atakuwa na bakteria kwenye mkojo. Kuwa nao si kuugua. Mtu asiye na dalili akipewa antibayotiki, kinachobaki ni bakteria sugu, na siku atakapougua kweli dawa haifanyi kazi. Harufu na ukungu ni alama ya kumwongezea maji. Dalili za kukimbilia hospitali ni homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya kiunoni, au mzee kuanza kuweweseka ghafla. Damu kidogo ya kufifia baada ya kuwekewa mpira hutokea. Damu nyekundu nzito au mabonge si ya kusubiri.

Kisha kuna mfuko unaogeuka zambarau. Hutokea hasa kwa wazee waliofunga choo, na huwatisha watu mpaka mganga akatafutwa. Bakteria wa kwenye mkojo hutengeneza rangi mbili, bluu na nyekundu, kutokana na mabaki ya chakula yaliyoanzia utumboni, nazo hushika kwenye plastiki. Mweleze daktari, choo kishughulikiwe, mfuko ubadilishwe. Hakuna aliyemroga.

“Sugua kwa dawa kali ya kuua vijidudu.”

Sabuni ya kawaida na maji, kila siku, ukifuta mpira kutoka mwilini kwenda nje. Dawa kali huunguza ngozi laini. Asiyetahiriwa arudishe govi mahali pake baada ya kuosha. Likibaki nyuma linavimba na kumkaba.

“Ana mpira, hawezi kusali.”

Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inamtambua mtu mwenye udhuru wa mkojo usiokatika: hutawadha wakati wa sala ukishaingia, kisha husali. Mwaga mfuko kwanza, na muulize sheikh wako mengine.

“Ufunge na kuufungua mpira, kibofu kizoee.”

Tafiti hazijaonyesha kwamba zoezi hilo linamsaidia mtu kukojoa mapema baada ya mpira kutoka, na kwa mwenye tezi dume mkojo unaweza kurudi nyuma kwenye figo. Usifunge bila agizo. Na wala usivute mpira au kuukata kwa mkasi kwa sababu umechoka. Puto lililojaa huchana njia ya mkojo, na mpira uliokatwa unaweza kujirudisha ndani.

“Ukikaa muda mrefu ndio anapona vizuri.”

Kwa fistula, siku 14 zilikuwa kawaida. Utafiti uliofanyika katika nchi nane za Afrika, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba siku 7 zinatosha kwa fistula isiyo ngumu, na Shirika la Afya Duniani (WHO) sasa linashauri siku 7 hadi 10. Kwa tezi dume kosa ni jingine: mkojo unatoka vizuri, familia inaona amepona, tarehe ya kliniki inapita. Tezi iko palepale. Mpira wa kawaida wa lateksi ni wa wiki chache tu, wa silikoni unaweza kufika wiki 12, kwa hiyo muulize muuguzi umewekewa upi na uandike tarehe ya kubadilisha kwenye kadi.

Siku ya kujaribu kukojoa bila mpira, nenda asubuhi. Ukitolewa utahisi kuchoma na kukojoa mara kwa mara kwa siku moja au mbili, na hilo ni la kawaida. Usiondoke hospitali kabla hujakojoa, kwani mkojo ukigoma ni heri ugome ukiwa bado karibu na muuguzi.