Kabla hujanunua cha kung'arisha meno, soma nyuma ya boksi

Mimi ni daktari wa meno na swali ninaloulizwa karibu kila siku ni hili, dokta nitajie kitu cha bei nafuu nitumie mwenyewe nyumbani meno yawe meupe. Siwezi kukutajia kitu mpaka nijue hiyo rangi imetoka wapi, maana hela za watu zinapotelea hapo hapo.

Kuna rangi ya juu juu, ya chai, kahawa, sigara, na ule ugaga uliokomaa ukawa mgumu, angalia nyuma ya meno ya mbele ya chini utauona. Huo haung'oki kwa jeli wala stripu (vile vipande vyembamba vyenye jeli vya kubandika kwenye meno), unatolewa kliniki, na wengi wakishasafishwa wakajiangalia kwenye kioo hata hamu ya kung'arisha inaisha. Halafu kuna rangi iliyo ndani ya jino lenyewe. Umri ukienda enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, inapungua na sehemu ya njano iliyo chini yake inaanza kuonekana, hii inakubali kung'arishwa vizuri sana. Ila madoa ya floridi iliyozidi kwenye maji ya utotoni, au ya tetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria, uliyopewa ukiwa mdogo, hayo ni mabishi, usitegemee kiboksi kimoja kiyamalize.

Sasa ukishika boksi, ligeuze usome nyuma. Tafuta haidrojeni peroksaidi au kabamaidi peroksaidi, ndo kemikali zinazong'arisha, na asilimia yake. Namba zisikuchanganye: kabamaidi ya asilimia 10 ikishaingia mdomoni inatoa haidrojeni peroksaidi ya kama 3.5 hivi, kwa hiyo "10" ya kabamaidi sio kali kuliko "6" ya haidrojeni. Hiyo ya 10 madaktari wa meno Haywood na Heymann waliielezea mwaka 1989, mgonjwa anavaa trei (kifuniko cha plastiki cha kuvalisha meno) yenye jeli usiku, na mpaka leo ndo naiamini kuliko zote. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya chochote kinachozidi asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi lazima kipitie kwa daktari wa meno, na mwisho ni 6. Sasa wewe umekuta boksi halina asilimia kabisa, limeandikwa tu "fomula ya kisasa", lirudishe ulikolitoa. Angalia na tarehe ya kuisha, peroksaidi inapoteza nguvu hasa ikikaa kwenye joto.

Kwa mwenye bajeti ndogo mimi napendelea stripu. Zile trei za saizi moja kwa wote zinacheza mdomoni, jeli inavuja inaunguza fizi. Na ile taa ya bluu inayokuja kwenye boksi unailipia bure tu, anayefanya kazi ni jeli.

Kuibandika nako kuna namna yake. Futa meno kwa tishu yakauke, bandika ukingo wa stripu kwenye jino, uishie kabla kidogo ya kufika kwenye fizi, usiipande fizi, iliyobaki kunja nyuma ya jino, kaa muda ulioandikwa na sio zaidi. Ukiona fizi imekuwa nyeupe ujue dawa imeigusa, suuza, pumzika, itarudi yenyewe. Meno yakipata ganzi ruka siku moja au mbili, na ukiweza anza mapema kupiga mswaki na dawa ya meno yenye potasiamu naitreti. Mwenye jino lililotoboka, mjamzito, na mtoto wa chini ya miaka 18, naomba msiguse hizi bila kuonana na daktari.

Dawa za meno za "kung'arisha" zinasugua madoa ya juu tu, na zenye rangi ya bluu zinadanganya jicho kwa masaa machache. Mkaa jamani tuuache, unakwaruza, na chembe zake zinajificha pembeni mwa fizi na kwenye jino lililozibwa. Limau ndo inaniumiza roho kabisa! Enameli inaanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 au karibu na hapo, limau iko kwenye 2, na enameli ikishaondoka hairudi, halafu jino linazidi kuwa njano kwa sababu ile sehemu ya ndani sasa iko wazi.

Kitu kingine watu hawaambiwi, jino lililozibwa kwa rangi ya jino au lililovikwa kofia halibadiliki rangi hata utumie nini. Ng'arisha kwanza, subiri kama wiki mbili, ndo uje tubadilishe zibo lifanane na meno mapya.

Na kama ni jino moja tu limekuwa la kijivu wakati mengine yako sawa, usinunue chochote. Mara nyingi hilo liligongwa zamani na mshipa wake umekufa, linapigwa picha kwanza, likitibiwa mzizi ndo linang'arishwa kwa kuwekewa dawa ndani yake.