Pikipiki ya mbio haiuawi na kasi

Peleka gereji pikipiki ya cc 600 yenye silinda nne, hukosi mtu wa kukwambia imechoka kwa sababu mwenyewe anakimbiza. Pembeni yake atakuwepo mwingine anayeapa kwamba yake ni nzima kwa kuwa hajawahi kuipitisha RPM 5,000, yaani mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika. Hawa wawili wanabishana, lakini imani yao ni moja: ukikimbiza huwezi kutunza. Nimeharibu vipuri vya kutosha kujua si hivyo. Kinachoharibu ni ubaridi, mshtuko na mguu unaositasita, na anayekwenda polepole anayo hayo yote.

"RPM za juu zinakula injini, za chini zinaitunza"

Hii ni ngumu kung'oa kwa sababu masikio yanaiunga mkono. Yamaha R6, mojawapo ya hizo cc 600 za mbio, ikilia kwenye 16,000 unahisi pistoni zinataka kutoka nje. Basi tupige hesabu. Pistoni ya R6 husafiri milimita 42.5 tu kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kwenye mizunguko hiyo 16,000 wastani wa kasi yake ni kama mita 22.7 kwa sekunde. Chukua sasa Harley-Davidson yenye injini ya Twin Cam 103, ile ya kutembelea kwa raha zako. Pistoni yake husafiri milimita 111.1, na ikizungushwa 5,500 inapata mita 20.4 kwa sekunde. Tofauti si kubwa kama masikio yanavyodai. Waliochora R6 walifupisha safari ya pistoni na kuipunguzia uzito, ndipo wakaruhusu kelele zote hizo.

Sasa angalia "kutunza" kwenyewe. Uko gia ya sita, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kilima kiko mbele, na unafungua mafuta hadi mwisho. Utando wa oili unaoitenga krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na beringi zake hujengwa na mzunguko wa krenki yenyewe, nayo hapo inajikongoja, huku kila mlipuko ukiigandamiza kwa nguvu zote. Cheni inachapa, injini inanoki. Shusha gia mbili, iache ipumue.

Wanaojua kuna kizuizi cha RPM nao hujiamini kupita kiasi. Kizuizi hukata petroli au moto wa plagi, basi. Ukiwa kasi halafu ukashusha gia nne kwa pupa, tairi la nyuma ndilo linaloizungusha injini, na tairi halisikilizi kompyuta. Vali zinachelewa kufunga, pistoni inazikuta njiani. Klachi ya kuteleza, ile inayojiachia kidogo tairi likiisukuma injini, hupunguza kishindo hicho lakini haikifuti. Na saa ya RPM nayo si msahafu: mwaka 2006 Yamaha iliitangaza R6 kuwa inafika 17,500, kisha ikakiri kwamba saa ilikuwa inazidisha na kikomo halisi kilikuwa karibu 16,200. Ilibidi ijitolee kuzinunua tena kwa wateja walionuna.

"Joto la maji likishapanda, twende"

Saa ya joto kwenye pikipiki nyingi husoma maji, na maji hupata moto mapema kuliko oili. Ukiona namba imetulia, oili chini kule bado ni nzito, na pistoni ya aluminiamu haijatanuka kufikia kipimo ilichokusudiwa. Dawa si kuiacha ingurume nyumbani robo saa. Iwashe, vaa kofia na glavu, ondoka taratibu, kwa dakika kumi za kwanza usiikamue. Dakika hizohizo tairi nazo zinapata joto, na tairi baridi ndilo linalowaangusha watu kwenye kona ya kwanza ya asubuhi.

"Kupiga gia bila klachi ni kuvunja giaboksi"

Inategemea mguu. Ndani ya giaboksi ya pikipiki meno ya gia hayaachani kamwe. Kinachoingia na kutoka ni ndimi fupi zilizo ubavuni mwa gia. Ukipunguza mafuta kidogo na kupandisha gia kwa mguu mmoja thabiti, ndimi zinaingia mzimamzima. Ukibonyeza kwa woga, hata kama klachi umeishika, zinagongana ncha kwa ncha na kona zake zinakuwa butu. Baada ya miezi gia ya pili inaanza kuruka, na lawama anabebeshwa aliyekuuzia. Kuegemeza mguu kwenye lever muda wote wa safari nako kunasaga uma unaosogeza gia.

"Waendeshaji wa mashindano hawajali, wana lori la spea"

Msimu wa 2010 wa MotoGP, mashindano makuu ya dunia ya pikipiki, ulikuwa na mbio 18, na kanuni ilimpa mwendeshaji injini sita kwa msimu mzima. Hesabu mwenyewe na mazoezi yote ya Ijumaa na Jumamosi. Kabla yao, enzi za pikipiki za cc 500 za mipigo miwili, kutojali kungewavunja shingo. Injini zile zilipata oili iliyochanganywa kwenye petroli, kwa hiyo kuachia mafuta ghafla mwisho wa mnyoosho mrefu kulikuwa ni kuinyima oili wakati bado inazunguka kwa kasi. Ikikwama, tairi la nyuma linakwama nayo. Ndiyo maana wengi walipanda vidole viko juu ya klachi.

"Cheni ikikazwa sana haipotezi nguvu"

Hapa najishitaki mwenyewe. Niliikaza ikawa kama waya wa gitaa, nikapakia abiria, nikaenda safari ndefu. Umbali kati ya sproketi mbili hubadilika shokapu inapobonyea, kwa hiyo cheni iliyobana ukiwa umesimama inavuta kupita kiasi ukiwa na mzigo. Niliporudi, oili ilikuwa inavuja nyuma ya sproketi ya mbele, kwenye beringi ya shafti. Kipimo cha ulegevu kimebandikwa kwenye mkono unaoshika tairi la nyuma, tena kwa maandishi makubwa.

"Usiguse breki ya mbele, itakurusha"

Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha. Linalorusha ni kuikaba. Vuta kidogo kwanza, springi za mbele zibonyee na tairi lijikandamize barabarani, ndipo ukamue.

Oili haihitaji mengi: klachi ya pikipiki nyingi hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili ya gari yenye viongezi vya kupunguza msuguano inaweza kuifanya iteleze. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hiyo.

Na wale wa kwenye maharusi, pikipiki imesimama, injini inagonga kikomo mara ishirini ili bomba liteme moto na watu wapige picha: hapo hakuna upepo unaopita kwenye rejeta. Kilomita mia za kukimbiza barabarani naona ni afadhali.