Mgongo Uliokaza Haukuteguka

Pale sokoni Marikiti, hamali akiinama kuchukua gunia kisha akashindwa kunyoosha kiuno, waliomzunguka hutoa hukumu moja: pingili imeteguka, atafutwe wa kuirudisha. Akichuliwa, mgongo ukalia "ko" na yeye akaondoka akitembea wima, hukumu huhesabiwa kuwa imethibitika.

Tiba ya mikono ya uti wa mgongo ni kuchua, kunyoosha au kusukuma kwa ghafla, kwa nguvu ya kiasi, viungo vilivyo baina ya pingili, ili maumivu yapungue na misuli ifanye kazi vyema zaidi.

Kuteguka ni jambo jingine. Asili yake ni kutega, yaani kukiweka kitu tayari katika mkao wake, na kutegua ni kukiondoa katika mkao huo. Ndiyo maana mtego hutegwa na kuteguliwa, na kitendawili vilevile. Neno basi limebeba picha ya kitu kilichofyatuka, na picha hiyo ndiyo inayotupoteza, kwa kuwa pingili zimefungwa kwa diski (visahani laini vilivyo baina yake), kano na misuli ya ndani kwa uthabiti ambao kwa kawaida hauvunjwi ila na ajali kubwa, kama kuanguka kutoka juu ya mnazi. Na aliyefikwa na hayo hachuliwi, hupelekwa hospitali akiwa amelazwa bila kutikiswa.

Kinachomlegeza hamali ni kingine. Mkono unaposukuma, huvuta nyuzi ndogo zilizomo ndani ya misuli ambazo kazi yake ni kuhisi mvuto, nazo hupeleka habari kwenye ugwe wa mgongo, yaani fungu la neva lipitalo ndani ya uti. Inadhaniwa kwamba amri inayorudi hubadilika, na msuli uliojikaza kwa kujihami ukalegea, au uliozubaa kwa sababu ya maumivu ukaitika tena. Badiliko hilo kwa kawaida ni la muda mfupi, wala halimfanyi mtu kuwa pandikizi la mwanamume. Ama ule mlio, hutokana na gesi katika ute wa kiungo: picha za MRI, yaani za mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, zilizopigwa Kanada mwaka 2015, vidole vikialishwa, zilionyesha uwazi wa gesi ukizuka pale kiungo kinapoachana.

Fundi wa kuchua halaumiwi. Mikono yake imefanya kazi, ila si ile anayosifiwa kwayo. Hamali wetu na aseme mgongo wake ulikaza ukalegezwa, na neno kuteguka akiachie kifundo cha mguu.