Sanamu la mjini, kwanza lishindane na chumvi

Tunaulizwa sana, khasa na vijana wa skuli, kwa nini Mji Mkongwe wa Unguja hauna masanamu ya njiani kama miji mengine, hapo Dar tu kuna yule askari wa shaba na bunduki yake tokea 1927, wazee wa kule wanaliita Sanamu la Bismini, sisi huku tuna nini? Jawabu la haraka ni dini, na kweli ipo, wengi wetu hatupendi taswira ya mtu kusimamishwa njiani na sioni haja ya kulizungukazunguka hilo. Ila sanamu la siku hizi si lazima liwe mtu. Kule Chicago kuna kazi ya msanii Anish Kapoor, dude kubwa la stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, linang'ara kama tone la zebaki, vipande 168 vimeungwa vikasuguliwa mpaka mshono huuoni, kama tani 100 hivi, na wenyeji wanaliita Haragwe. Halina uso wala mkono, mtu anakwenda kujitazama mwenyewe na majumba ya mji wake.

Kwa hiyo mimi dini siioni kuwa kikwazo. Kikwazo chetu ni chumvi.

Upepo wa baharini unabeba chumvi na unaipaka kila kitu, muulize yeyote mwenye geti la chuma Forodhani au Shangani. Fundi akijenga umbo la saruji anatia nondo ndani, chumvi inapenya polepole kwenye vitundu vya saruji mpaka inaikuta nondo, nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi inavimba inapasua saruji kutoka ndani. Nje unaona ufa mdogo tu, mtu anaziba na plasta anapaka rangi, mwaka wa pili linabanduka pande zima. Na kama mchanga ulikuwa wa pwani haukukoshwa ndo balaa kabisa, mana chumvi umeitia mwenyewe siku ya kwanza. Nondo inataka ifunikwe na saruji ya kutosha, kama sentimita 5 hivi, sio kuchungulia chungulia. Stenlesi nayo zipo aina, ile ya masufuria ya bei rahisi haifai, inatakiwa ya baharini wanayoiita 316, na hiyo pia ikoshwe kwa maji matamu.

Shaba nyeusi ndo mkongwe wa pwani. Ile mizinga ya Mreno iliyokuwa mbele ya Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ina mamia ya miaka, shaba na bati vimechanganywa, juu imefanya ngozi ya kijani, na ngozi hiyo ndo inayoilinda. Mtu asije akaisugua akidhani anasafisha!

Sasa twende Mkunazini, kwenye uwanja wa Kanisa la Anglikana, lilipokuwa soko la watumwa mpaka likafungwa 1873. Kuna kazi ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, ya 1998: watu watano wa saruji wamesimama ndani ya shimo, shingoni minyororo, na minyororo ile ni ya enzi zile zile. Hajawapandisha juu ya jukwaa kama wafalme. Unafika ukingoni unainamisha kichwa uwaone, wao wako chini ya usawa wa miguu yako, na hapo ndo kazi yote ilipo, shimo ni sehemu ya sanamu. Mtu akiwatoa pale akawapanda kwenye raundabauti, saruji ni ile ile lakini kitu kimekufa.

Mahala pana nguvu hivo. New York mwaka 1981 msanii Richard Serra alisimamisha ukuta wa chuma kama mita 36 katikati ya uwanja wa maofisi, watu wakawa wanazunguka kwenda kazini kila siku, malalamiko, kesi, na 1989 ukakatwa ukaondoshwa. Sisi tumezoea baraza, kitu chetu cha nje kinakaliwa, kinaegemewa, bao linachezwa juu yake. Msanii atakayeleta umbo Michenzani au Darajani akalizungushia uzio na kibao cha usiguse, huyo hajatujua bado.

Kwa hiyo msanii akija na mchoro mzuri sisi swali letu la kwanza sio uzuri, tunauliza nani atalikosha chumvi, kwa maji ya nani, na mfereji uko umbali gani. Wengi wanaondoka wamenuna.