Wodi ya Afya ya Akili: Ulinzi Uanzie Kwenye Ramani

Ukitaja wodi yenye ulinzi, wengi hufikiria nondo, kufuli na seng'enge juu ya ukuta. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, iliyopo tangu 1927, na Isanga, taasisi inayopokea wagonjwa wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo suala la kumlinda mtu bila kumfanya ajione mfungwa linatuhusu moja kwa moja.

Wagogo walijenga tembe likizunguka ua, milango ikitazama ndani, ukuta wa nje ukiwa na matundu machache. Mifugo na watoto walikuwa salama, na maisha yaliendelea. Wodi ikichorwa hivyo, jengo lenyewe ndilo uzio. Mgonjwa hutoka kukaa chini ya mwarobaini bila kumsubiri mwenye ufunguo. Mti tu upandwe katikati, mbali na paa, usije ukawa ngazi.

Kijani si urembo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliofanyiwa upasuaji wa nyongo na kulazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Hawakuwa wagonjwa wa akili, ila sioni kwa nini hawa wastahili ukuta.

Mlango ndio huniumiza kichwa zaidi. Ukifunguka kuelekea ndani tu, mgonjwa aliyechafukwa akiusukumia kitanda, muuguzi amekwama nje. Unahitaji bawaba zinazoruhusu pia kuufungua kuelekea nje wakati wa dharura, na kitasa chenye mteremko, kisichoshika kamba wala kitambaa. Dirisha liwe pana na la chini, aliyelala aone nje. Kioo kisichomwagika vipande, na lifunguke sentimita 10 hivi, basi. Kwa joto letu hiyo haitoshi, hivyo weka matundu ya hewa juu, yasiyoelekea upepo wa vumbi wa kiangazi. Dari nayo isisahaulike: bati tupu likipigwa na mvua, hakuna anayelala, na asiyelala hukasirika upesi.

Bajeti ikibana, mara nyingi hukatwa bawaba na vitasa, geti kubwa likabaki. Ukiitwa kwenye kikao cha ramani, dai wauguzi wa zamu ya usiku wawepo kabla msingi haujachimbwa.