Si kila huzuni ya kijana ni "mambo ya umri"

Tangu mwanasaikolojia wa Marekani G. Stanley Hall alipoueleza ujana, mwaka 1904, kuwa kipindi cha dhoruba na misukosuko, wengi wamezoea kuamini kwamba kijana anayejitenga anapitia tu mambo ya umri. Utafiti wa baadaye haukuthibitisha picha hiyo: vijana walio wengi huuvuka umri huo bila msukosuko mkubwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa 1 kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hasira ya siku mbili baada ya kugombana na rafiki ni ya kawaida; lakini usingizi ukivurugika, masomo yakiporomoka na michezo aliyoipenda ikimchosha kwa majuma mawili au zaidi, aulizwe mapema, tena kwa upole.