Hatifungani si za matajiri tu

Mzee akipata kiinua mgongo, ushauri wa mtaani ni ule ule: jenga vyumba upangishe, hatifungani za serikali ni za mabenki na wenye nazo. Sivyo. Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali kwa muda maalumu, nayo inakulipa riba. Tanzania, kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000, na maombi hupitia benki au dalali wa hisa aliyeidhinishwa.

Tuseme mama ana milioni 40 na riba ya mwaka ni asilimia 12. Kila miezi sita anaingiziwa milioni 2.4 kwenye akaunti, sawa na 400,000 kwa mwezi, bila kumfukuzia mpangaji kodi wala kuziba bati linalovuja. Muda ukiisha, milioni 40 zake zinarudi.

Wengine huogopa hatifungani ya miaka 20: mama atafika? Hatifungani huuzwa kabla ya muda kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na warithi huirithi. Ila bei ya siku hiyo yaweza kuwa chini ya aliyonunulia. Tena ile 400,000 haipandi, sukari inapanda. Ndiyo maana mimi nisingeziweka zote humo. Za matibabu zibaki karibu.